Naenda Mombasa na mama kwa siku nne. Ngome tutaiona, je mitaa ipi tusiikose?

Mgogo Msafiri:
Wakuu, salaam. Mwezi wa nane namchukua mama yangu tunaenda Mombasa. Tunatoka Dodoma kwa basi hadi Tanga, tunalala, kesho yake tunavuka mpaka wa Horohoro. Mama ana miaka 68, hajambo kabisa ila ngazi nyingi zinamsumbua magoti. Hamu yake na Mombasa ni ya tangu usichana, taarabu za redioni ndizo zilimtia ugonjwa huo.

Nimepekua mtandaoni, kila mahali ni ngome ya Fort Jesus, zile sanamu za pembe za ndovu, ufukwe, basi. Sitaki kumpeleka mama kilomita zote hizo akapige picha tatu arudi. Nataka aone mji unavyoishi. Tulale wapi, kisiwani au upande wa ufukweni? Na mitaa ipi inatembeleka na mtu mzima wa makamo yake?

Tuktuk 07:
Karibu ndugu. Kwanza msamiati: bajaji yenu huku ni tuktuk, daladala ni matatu. Ukisema bajaji tutakuelewa, ila utakuwa umeshajitambulisha kuwa mgeni kabla hujauliza nauli.

Kuhusu kuingia mjini. Kutoka Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka, mnapita Ukunda hadi Likoni, na hapo kuna feri. Abiria hushuka garini na kuvuka kwa miguu, na mtembea kwa miguu halipi kitu. Tatizo si feri, ni umati na ule mteremko wa kuingilia. Asubuhi watu wote wa Likoni wanakimbilia kazini kisiwani, jioni mkondo unageuka. Mkifika saa tano au saa nane mchana mama atavuka kwa nafasi yake. Watu wakianza kukimbia honi ikilia, nyinyi msikimbie. Inakuja nyingine.

Siku hizi kuna pia barabara ya Dongo Kundu inayozunguka bila kugusa feri. Ulizeni basi lenu linapita wapi. Mimi ningechagua feri hata kwa mguu mbovu. Mji wa kisiwa ukiuingia kwa lami umepunjwa.

Kidau cha Kuze:
Nimezaliwa Kuze, humu Mji wa Kale, nimekulia Kuze, kwa hiyo chukua maneno yangu na chumvi yake.

Kalaleni kisiwani. Nyali na Bamburi ni kuzuri, lakini mkilala huko kila asubuhi mtapoteza muda kwenye foleni ya daraja la Nyali. Ufukwe mtaufuata siku moja, inatosha.

Sasa Mji wa Kale. Kosa la wageni ni saa. Wanatoka hotelini saa nne baada ya chai, wanafika Ngomeni saa tano, wanamaliza saa saba jua likiwa utosini, ndipo wanaingia vichochoroni. Wakati huo maduka mengi yamefungwa, watu wamekwenda kuswali na kula, wengine wamelala. Wanakuta milango imefungwa na paka. Wanarudi kwao wakisema Mji wa Kale umekufa. Haujakufa, umelala mchana!

Fanyeni hivi. Ngome inafunguliwa saa mbili asubuhi, muwepo hapo. Saa nne mkitoka, ingieni Ndia Kuu taratibu kabla ya jua. Mchana rudini mkapumzike kama sisi. Baada ya alasiri rudini tena mtaani, safari hii bila mpango wowote. Hapo ndipo mabaraza yanajaa, watoto wanatoka chuoni, yaani madrasa, mtu wa kahawa anapita akigonga vikombe vyake, na karai za viazi zinawekwa motoni. Mama yako atakaa kwenye baraza ya mtu dakika kumi, atatoka na habari kuliko za kiongozi yeyote.

Ndia Kuu yenyewe ni tambarare, haina ngazi za kumtesa. Tazameni juu zaidi ya chini: roshani za mbao zilizochongwa, na milango. Mkishuka kuelekea Bandari ya Kale mtapita Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570 kama inavyohesabiwa, mnara wake mweupe mnene chini na umekonda juu. Ng'ambo ya njia kuna kisima chake. Mbele kidogo ni Leven House, iliyobeba jina la meli ya Waingereza iliyokuwa hapa mwaka 1824. Kuna ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini. Mama abaki juu, wewe shuka.

Bandarini ulizeni kabla ya kutoa kamera. Majahazi si mengi kama zamani, lakini hayajaisha.

Mgogo Msafiri:
Asante sana mkuu Kidau. Hiyo Ndia Kuu ni jina la mtu au ni kosa la uchapaji?

Mzee wa Kilindini:
Si kosa, mwanangu. Ni njia kuu, kwa ndimi ya hapa. Kwetu njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Hicho ndicho Kimvita, na Mvita ni jina la kale la mji huu. Mshairi wetu Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, alitunga kwa ndimi hiyo, na Kongowea utaikuta katika beti zake kama jina la mji. Leo ukisema Kongowea dereva atakushusha sokoni, ng'ambo ya daraja, penye vitunguu.

Na mkija, msisome majina ya mitaa kama vibao tu. Kilindini ni penye kilindi, maji ya kina, ndiyo maana meli kubwa ziko huko magharibi na majahazi yakabaki mashariki. Ukishalijua hilo umeshaelewa kwa nini mji una bandari mbili, na kwa nini Mji wa Kale ukabaki wa kale: biashara nzito ilipohamia upande wa pili, hakuna aliyekuwa na haja ya kuubomoa.

Tuktuk 07:
Shikamoo mzee. Mwambie na habari za Kengeleni.

Mzee wa Kilindini:
Marahaba. Kengeleni iko Frere Town, mkielekea Nyali na Kisauni. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana walianzisha hapo makazi ya watu waliokombolewa kutoka kwenye meli za watumwa. Jina la mji mdogo huo ni la Mwingereza Bartle Frere. Kulikuwa na kengele, na ikigongwa watu wanajua kuna hatari au kuna ibada. Kengele ingali pale barabarani, na kituo cha matatu kinaitwa Kengeleni. Maelfu hushuka hapo kila siku, makanga, yaani konda, anapiga kelele "Kengeleni, Kengeleni", na ni wachache wanaogeuza shingo kuiangalia.

Chumvi Nyingi:
Mimi nitasema ukweli ambao wenyeji hawataki. Mtanzania unaacha Mji Mkongwe Zanzibar unakwenda Mombasa kutafuta Uswahili? Mombasa ni bandari na foleni. Hayo magofu mnayo Kilwa, milango mnayo Unguja. Mpeleke mama Zanzibar umalize.

Kidau cha Kuze:
Chumvi, karibu tena, ulikuwa umepotea. Zanzibar ni kuzuri, sina ugomvi. Lakini Mji Mkongwe wa leo nusu yake ni hoteli. Kuze na Kibokoni bado watu wanaishi, nguo zinaanikwa, bibi anakaanga mahamri dirishani. Mama hakusema anataka kuona mji uliotengenezwa kwa ajili yake.

BintiMakadara:
Na hizo taarabu alizozisikia redioni zilikuwa na za Mvita ndani yake. Mwacheni mama wa watu aje!

Haya mambo ya wanawake sasa. Mgogo, mama yako atataka kwenda Biashara Street kununua leso. Usicheke. Najua kwenu leso ni kitambaa cha kufutia kamasi, huku leso ndiyo kanga, doti nzima. Lile duka la zamani la Kaderdina, la "Mali ya Abdulla" inayoandikwa pembeni mwa kanga, asili yake ni mtaa huo, tangu 1887. Kazi ya mteja si kuangalia rangi kwanza, ni kusoma jina, yale maneno yaliyochapwa juu yake. Mama akiingia hapo toa nusu siku. Sitanii.

Kutoka hapo si mbali na Marikiti, soko kuu ambalo kwenye karatasi linaitwa Mackinnon. Nyuma na pembeni ndiko kuliko na bizari, iliki, mdalasini, na ile bizari ya pilau wanayokuchanganyia ukiwa umesimama. Watakuita "mamii", "dada", "mama Tanzania" mara tu ukifungua mdomo. Bei ya kwanza si bei.

Nguo: hakuna sheria, lakini vichochoroni watu wanajisitiri. Kwa mama wa Kigogo najua hilo halina haja ya kuambiwa, ni wewe mwenyewe na bukta zako. Na msipige watu picha bila kuomba. Nyumba ya mtu yenye mlango mzuri bado ni nyumba ya mtu. Misikiti itazameni kwa nje mpaka mkaribishwe.

Chakula: asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Mchana mkiwa na njaa ya kweli, biriani au wali wa nazi na samaki wa kupaka. Jioni mishkaki, viazi vya karai na ukwaju, kaimati. Kahawa tungu na haluwa baada ya magharibi, hiyo ni dawa ya magoti ya mama.

Mpita Njia:
Naongeza onyo. Mwaka jana nje ya Ngome nilidakwa na jamaa mpole sana, anajua historia yote, kaniambia "we ndugu yangu, lipa unachotaka mwishoni". Tumezunguka saa moja na nusu. Mwisho nilichotaka kikawa hakitoshi, akakunja sura, akaita na wenzake wawili. Nilitoa mara tatu ya kiingilio changu ili niondoke. Kiongozi mwenyewe hakuwa mbaya, kosa langu ni kutopatana bei mwanzo.

Tuktuk 07:
Pole. Ndiyo maana tunasema patana kabla ya hatua ya kwanza, na uliza kitambulisho cha kazi. Wapo viongozi wa kweli na wanastahili malipo yao. Hata mimi tuktuk yangu, ukipanda bila kuuliza bei siku hiyo nimekula sikukuu.

Mgogo Msafiri:
Nimecheka. Sasa Ngome yenyewe: inafaa kwa mama au ni ngazi tupu? Na ni kweli ilijengwa na Waarabu? Kuna mtu kazini kanishikilia hivyo.

Mzee wa Kilindini:
Mwambie huyo wa kazini Waarabu waliiteka, hawakuijenga. Ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, mchoraji wake Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka angani inafanana na mtu aliyelala, kichwa kimeelekea baharini. Juu ya mwamba wa matumbawe hasa, si kando yake.

Wareno walikuwa na sababu ya kuogopa. Vasco da Gama alipofika Aprili 1498 hakupokewa vizuri hapa, akaendelea hadi Malindi. Mwaka 1505 wakarudi na kamanda wao Almeida, wakauchoma mji. Mji haukusahau. Walipoijenga Ngome, mizinga yake ilikuwa ya adui wa baharini na ya mji wenyewe pia.

Lakini kisa ninachotaka mama yako asimuliwe akiwa ndani ya kuta zile ni cha Yusuf bin Hassan. Mwana wa mfalme wa hapa, baba yake aliuawa kwa njama za Wareno, mtoto akachukuliwa Goa huko India, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa kuwa mfalme wao. Walidhani wamemfinyanga. Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamuua kamanda, akautwaa mji, akarudi kwenye Uislamu. Mwaka uliofuata aliondoka na kuiacha Ngome, akaishia kuwa mtu wa baharini, mwindaji wa meli. Wareno wakarudi kwenye kuta tupu. Mlango mtakaoingilia una maandishi ya Kireno juu yake, ya 1635, wakijisifu kuwa wamewatiisha watu wa pwani. Mimi kila nikiyaona hucheka kidogo.

Kisha ukaja mzingiro wa Waomani, Machi 1696 hadi Desemba 1698. Miezi thelathini na mitatu! Risasi hazikuua wengi kama njaa na maradhi. Meli ya Kireno iliyokuja kuokoa, Santo António de Tanná, ilizama hapo mbele mwaka 1697, na vitu vyake vilivyotolewa majini vimo kwenye makumbusho ya ndani.

Kidau cha Kuze:
Mzee akianza Ngome hashuki. Mimi nijibu la magoti. Njia ya kuingilia ni mwinuko, si ngazi, na uwanja wa ndani ni wazi na una vivuli. Mawe hayako sawa, avae viatu vya chini. Makumbusho na Nyumba ya Waomani vinafikika. Asipande kuta za juu, wewe panda umpigie picha ya bahari. Ulizieni pia michoro waliyoichora mabaharia wa Kireno ukutani, meli na watu, kama ya mtoto aliyechoshwa darasani.

Watu wengi husahau kuwa Waingereza waliifanya jela, tangu 1895 hadi 1958. Wapo wazee wa mjini humu waliokuwa wakiijua kwa jina hilo tu. UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011. Bebeni pasipoti au kitambulisho, kiingilio kinatofautiana kwa uraia.

Mgogo Msafiri:
Siku ya ufukweni je? Na zile pembe?

Tuktuk 07:
Pembe ziko Moi Avenue, dakika tano. Si pembe za ndovu, ni za bati la alumini. Ukipita barabara hiyo utapita chini yake, hakuna haja ya safari.

Siku ya ng'ambo fanyeni moja hivi: asubuhi Haller Park, Bamburi. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu. Tangu 1971 alianza mtu aitwaye René Haller kupanda mivinje, akaleta majongoo ili wayale majani yaliyoanguka, mavi ya jongoo ndiyo yakawa udongo. Leo ni msitu wenye twiga na viboko. Ndiko alikokuwa yule kiboko mtoto Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamfanya kobe mzee kuwa mama yake. Mchana mteremkie Pirates, ufukwe wa umma, bure. Agosti ni msimu wa upepo wa kusi, bahari ina mawimbi na mwani, wala si ya kioo kama picha. Ila hakuna joto la kuua mtu, kwa mama ni bora.

Wanaotaka kimya zaidi waende Jumba la Mtwana, ng'ambo ya Mtwapa. Magofu ya karne ya 14 chini ya miti, msikiti mmoja unaangalia bahari moja kwa moja. Mara nyingi utakuta ni wewe na mlinzi.

BintiMakadara:
Mmeisahau Mama Ngina! Jioni ya mwisho mpelekeni Mama Ngina Drive, karibu na feri. Wenyeji husema tu "Lighthouse". Walipatengeneza upya mwaka 2019, kuna waliopapenda zaidi zamani, mimi nikiwemo. Lakini mibuyu ipo, muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu upo, madafu yapo. Meli kubwa zinapita mlangoni kuingia Kilindini, karibu hata unadhani unaweza kumpungia nahodha mkono. Familia nzima za Mombasa ziko pale Jumapili. Kama lengo ni kuona mji unavyoishi, hapo hakuna kiingilio wala kiongozi.

Mgogo Msafiri:
MREJESHO, wakuu. Tumerudi salama juzi.

Feri tulivuka saa nane mchana, mama alishika mkono wa dada mmoja asiyemjua kuliko wangu. Tulilala kisiwani, nashukuru kwa ushauri. Ngome tulifika saa mbili na robo, karibu tuko peke yetu. Nilimsimulia kisa cha Yusuf kama mzee alivyokiandika, mama akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Na mama yake alikuwa wapi muda wote huo?" Mzee wa Kilindini, ukiwa na jibu niandikie.

Mji wa Kale Kidau alisema kweli. Siku ya kwanza nilikaidi, nikampitisha saa saba mchana, tukaona paka na milango. Jioni tuliporudi sikuamini ni njia ileile. Bibi mmoja wa Kibokoni alimkaribisha mama barazani, walikaa mpaka adhana ya magharibi. Mimi nilitumwa kahawa mara mbili kama mtoto.

Kengeleni tulishuka tukaiangalia kengele. Makanga alidhani tumepotea kituo.

Haller mama alichoka nusu ya njia, lakini majongoo aliyapenda kuliko twiga. Pirates alikanyaga maji hadi vifundoni akasema inatosha.

Jioni ya mwisho Mama Ngina. Nilimwonyesha meli ya makontena, yeye anatazama mibuyu. Anasema, "Nimetoka Dodoma kwenye mibuyu, umenilipia nauli kuja kuangalia mibuyu." Kisha akanunua mabuyu ya rangi nyekundu pakiti nne, kuwapelekea wajukuu ambao mbuyu uko nyuma ya nyumba yao.

Biashara Street ilituchukua muda wa saa tatu na dakika arobaini, nilipima. Amenunua doti tano. Nne za zawadi. Ya tano amesoma jina lake, akacheka peke yake, akaikunja haraka kabla sijaona. Kasema ni ya kuvaa siku jirani yetu fulani akija kutusalimu.

BintiMakadara:
Tupigie picha hiyo ya tano, tutakusomea.

Mgogo Msafiri:
Ameiweka chini ya godoro.